Kabla ya koti, tazama miguu: mavazi ya baridi kwa anayehamia Minneapolis

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nane, vijana wetu wanapopata viza za masomo na familia zinapopata tiketi za kuja kuungana na jamaa zao, swali linalonifikia kutoka Tanga, Dar es Salaam na Mombasa ni lile lile: ninunue koti gani? Wengine huwa wamekwisha kulinunua, mara nyingi kutoka kwenye marobota ya mitumba ya Karume au Gikomba, na hunitumia picha ili niwathibitishie kwamba linatosha. Ninaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, nami huwajibu kwa moyo wote, ingawa jibu langu huanzia mahali ambapo muulizaji hakutarajia. Namwomba aliweke koti kando kwanza, afikirie miguu, mikono na nguo inayogusa ngozi, kwa sababu mgeni mwenye koti zuri na viatu vibaya huumia mapema kuliko mgeni mwenye koti la kawaida aliyevaa vizuri kwingine kote.

Baridi tuliyoizoea pwani ni ile ya kipupwe, ambayo sweta jepesi huimaliza, na hata aliyekulia Njombe au Makete, ambako asubuhi za mwezi wa sita na wa saba umande huweza kuganda mashambani, huiona baridi hiyo ikiondoka jua linapopanda. Hapa mambo ni tofauti. Wastani wa usiku wa mwezi Januari ni kama nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na mchana wa kawaida wa mwezi huo haufiki sifuri, jua liwake lisiwake. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, shule zikafungwa, na Shirika la Posta la Marekani likasitisha kupeleka barua katika jimbo hili. Siku za namna hiyo ni chache, lakini mtu hujitayarisha kwa ajili yake. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba taarifa za hali ya hewa hapa hutolewa kwa Farenihaiti, ambako maji huganda kwenye nyuzi 32. Mgeni akisikia ishirini asidhani ni hali ya hewa ya Lushoto, kwa maana ishirini hiyo ni karibu nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri.

Halafu kuna upepo. Mwili huzungukwa na tabaka jembamba la hewa ambayo umeipasha wenyewe, na upepo huliondoa tabaka hilo kila mara, hivyo joto hupotea haraka zaidi. Ndiyo maana watabiri hutaja vipimo viwili, cha hewa na cha jinsi mwili unavyoihisi hewa hiyo pamoja na upepo. Hewa ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukivuma kwa kilomita 24 kwa saa, mwili huhisi kama nyuzi 28 chini ya sifuri, na katika hali hiyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Nusu saa ni muda wa kawaida kabisa wa kusubiri basi lililochelewa. Naandika haya nikiwafikiria hasa ndugu zetu wanaofanya kazi za usiku za kutunza wazee, au za viwandani, ambao husimama kituoni saa kumi na moja alfajiri kabla mji haujaamka. Katikati ya mji kuna madaraja ya vioo yanayounganisha majengo ghorofani, yaliyoanza kujengwa mwaka 1962 na sasa yana urefu wa takribani kilomita 15, na mtu anaweza kuvuka mitaa mingi bila kutoka nje. Lakini ndugu zetu wengi hawaishi huko wala hawafanyi kazi huko.

Sasa miguu. Mwili unapopatwa na baridi hulinda kwanza moyo, mapafu na ubongo. Hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki kiwiliwilini, na vidole hubaki na damu kidogo. Viatu vya ngozi vya ofisini na raba za mazoezi, ambavyo ndivyo wengi husafiri navyo, vina soli nyembamba zinazopitisha baridi ya lami moja kwa moja, na theluji ikiyeyuka juu yake huingia ndani na kulowesha soksi. Buti la hapa linatakiwa kuwa na soli nene ya mpira laini, sehemu ya chini isiyopitisha maji, shingo inayopita kifundo cha mguu, na ndani yake bitana nene ya sufu inayoweza kutolewa na kukaushwa. Linunuliwe kubwa kidogo kuliko saizi ya kawaida. Wengi hudhani kwamba dawa ni kuvaa soksi tatu, kumbe soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana huminya mishipa na kuifukuza hewa, na mguu huzidi kupoa. Soksi moja ya sufu, na nafasi ya kuchezesha vidole, inatosha kwa siku nyingi. Jioni bitana itolewe ikauke, kwa sababu mguu hutoa jasho hata wakati wa baridi, na jasho la leo likibaki humo ndilo litakalomuumiza mtu kesho asubuhi.

Soli ninaitilia mkazo kwa sababu nyingine pia. Barabara na njia za miguu hapa humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, lakini joto likishuka chini ya nyuzi 9 hivi za Selsiasi chini ya sifuri chumvi hiyo karibu inakosa nguvu, na barafu hubaki pale pale, wakati mwingine ikiwa imefunikwa na theluji kidogo isionekane. Mama mtu mzima aliyekuja kumlea mjukuu hapaswi kutembea juu yake bila vile vyuma vidogo vya kufunga chini ya kiatu, ambavyo huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na havina bei kubwa.

Kuhusu mikono nina jambo ambalo nalisema kwa kila mgeni, hata asiponiuliza. Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata madhara ya baridi ya mikono na miguu kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wenzao weupe, hata wanapokuwa kazini pamoja. Mishipa ya vidole vyetu, kwa wastani, hubana kwa nguvu zaidi na huchelewa kufunguka. Kwa hiyo mgeni asijipime kwa mwenyeji mweupe anayevuka barabara bila glavu, wala asione haya kuwa wa kwanza kuzivaa na wa mwisho kuzivua. Glavu zenye joto zaidi ni zile zinazoweka vidole vinne katika mfuko mmoja na kidole gumba peke yake, kwa sababu vidole vilivyo pamoja hupashana joto. Anayehitaji kutumia simu au kufungua kufuli avae glavu nyembamba ndani yake.

Pia picha nyingi za mafunzo zinazoonyesha ngozi iliyoumizwa na baridi ni za ngozi nyeupe inayogeuka nyekundu. Kwetu wekundu huo ni vigumu kuuona. Kinachoonekana ni sehemu iliyopauka au kuwa ya kijivujivu, iliyokakamaa na yenye sura ya nta, na hutokea hasa kwenye ncha za vidole, masikio na pua. Ishara ya kutegemea ni hisia: kwanza maumivu na kuchomachoma, kisha ganzi. Maumivu yanapokoma ghafla mtu akiwa bado nje, hapo ndipo pa kuogopa. Aingie ndani, asisugue, asiweke mkono karibu na jiko wala kipasha joto kwa kuwa hatahisi ukiungua, bali auweke katika maji ya uvuguvugu ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko, na kama ngozi imebaki ngumu au imetoa malengelenge aende hospitali bila kungoja kesho.

Nguo inayogusa ngozi ndiyo wengi huipuuza, pengine kwa sababu haionekani. Fulana za pamba, ambazo zinatufaa sana Tanga, hunyonya jasho na kukauka polepole, na fulana iliyolowa huvuta joto la mwili. Mtu akikimbilia basi, akatoa jasho, kisha akasimama, baridi humpata kutoka ndani ya nguo zake mwenyewe. Avae nguo za ndani ndefu zinazoshika mwili, juu na chini, za sufu nyepesi au za poliesta. Juu ya hizo avae sweta la sufu au la kitambaa chenye manyoya mafupi laini, na mwisho koti la kuzuia upepo. Joto linatoka mwilini, na kazi ya nguo ni kuifunga hewa iliyotulia ili joto hilo lisipotee. Aliyewahi kuanika mto wa sufi juani akaona unavyofutuka analijua jambo hili kwa macho: sufi ni ile ile, kilichoongezeka ni hewa.

Baada ya hayo koti linakuwa jambo rahisi. Liwe refu linalofunika mapaja, liwe na kofia yake, zipu iliyofunikwa na kitambaa, na mikono inayobana kwenye kifundo cha mkono. Lililojazwa manyoya laini ya bata lina joto sana na ni jepesi, ila likilowa manyoya hugandamana na joto huondoka. Lililojazwa nyuzi za poliesta ni zito kidogo lakini huvumilia maji. Lijaribiwe likiwa juu ya sweta. Makoti mengi ninayotumiwa picha kutoka nyumbani ni ya urembo, yametengenezwa kwa majira ya vuli ya Ulaya, na yaliyo mazito kweli mara nyingi yamekwisha kufuliwa hadi vijazo vyake vimejikusanya pembeni. Pesa hiyo itunzwe. Hapa yapo maduka ya mitumba, Goodwill ikiwa miongoni mwake, ambako koti lililotengenezwa kwa baridi hii hii hupatikana kwa bei nafuu, na hata katika maduka ya nguo mpya Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye mavazi ya kawaida. Ununuzi usicheleweshwe hadi Desemba: theluji ya mwisho wa Oktoba mwaka 1991 ilianza tarehe 31 na hadi ilipokoma tarehe 3 Novemba ilikuwa imefikia sentimita 72 katika mji huu.

Dada zangu wanaovaa baibui huniuliza kama watalazimika kuacha vazi lao. Hawalazimiki. Waalike majirani zetu Wasomali wawaonyeshe, kwa kuwa wameishi hapa kwa wingi tangu miaka ya 1990 na wamekwisha kulitatua suala hili. Pindo lipandishwe lifike kwenye kifundo cha buti, maana likiburura hunyonya theluji yenye chumvi kisha huganda, na ndani ivaliwe suruali ya sufu. Hijabu ya kitambaa kizito kinachonyumbulika hufunika masikio na shingo vizuri kuliko skafu ya kawaida, na kofia ya sufu huvaliwa juu yake bila taabu.

Kwa watoto nina ombi moja kubwa. Mtoto asifungwe kwenye kiti chake cha garini akiwa amevaa koti lililofutuka. Gari likigongwa koti hujibonyeza, mikanda hulegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Madaktari wa watoto wa Marekani wanalionya jambo hili kila msimu. Afungwe akiwa na sweta, mikanda ikaze kifuani, kisha koti au blanketi liwekwe juu ya mikanda. Mama wa Kiswahili mwenye mtoto mchanga huona kama anamtesa mwanawe kumvua koti kwenye baridi, na uchungu huo naufahamu, lakini gari hupata joto baada ya dakika chache.

Ndani ya nyumba vipasha joto hukausha hewa, kwa hiyo ngozi hupasuka na midomo hutoka damu. Mafuta ya mgando yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Anayefika Januari avae ndani ya ndege nguo zake mbili za juu, sweta, na soksi nzito kuliko zote alizonazo, na kofia aiweke kwenye mkoba wa mkononi badala ya sanduku, kwa kuwa sanduku linaweza kuchelewa. Mwenyeji aje uwanjani na koti la kuazima, glavu na buti. Ndiyo maana kabla ya safari namwomba mgeni asimame juu ya karatasi, achore mguu wake, apime kutoka kisigino hadi kidole kirefu na kunitumia urefu huo kwa sentimita, maana namba za viatu za Marekani si zile zilizoandikwa kwenye viatu vyetu, na buti la kuazima likimbana atayaanza maisha yake hapa kwa vidole vyenye ganzi.