Nilivyowasaidia wagonjwa wangu wasiache dawa

Nilipangiwa kazi mkoani Kagera mwishoni mwa miaka ya themanini, muda si mrefu baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kugundulika huko huko, mwaka 1983. Wodi ya wanaume ilijaa vijana waliokonda, midomo imejaa fangasi, wanaharisha bila kikomo. Dawa ya kupambana na virusi vyenyewe hatukuwa nayo. Basi nikatafuta kinachotibika: kifua kikuu, nimonia, fangasi ya koo. Mtu akiweza kumeza uji tena, akapata wiki kadhaa za kukaa na wanawe na kugawa shamba lake, hiyo kwangu ilikuwa tiba.

Dawa za bure za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa mwishoni mwa 2004, wengi walidhani kazi imekwisha. Kwangu ndipo ilipoanza. Vidonge vilikuwa asubuhi na jioni, maisha yote. Stavudini, mojawapo ya dawa hizo, ilichoma nyayo na kukausha mashavu, na mtaani watu walimjua mtu kwa uso wake. Nyingine, nevirapini, wengine iliwatoa upele. Halafu mtu akipata nguvu akarudi kwenye migomba yake, kliniki inakuwa mbali na nauli hakuna.

Nilichofanya ni kubadili swali. Ukimuuliza mgonjwa, "Unakunywa dawa vizuri?" atakujibu, "Ndiyo, daktari," kwa heshima tu. Nikawa nauliza, "Mama, mara ya mwisho kidonge kukupita ilikuwa lini? Siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini?" Hapo mambo yakatoka: msiba wa kulala, mume asiyejua, njaa, mchungaji aliyesema umeshapona. Kila sababu tuliitafutia njia yake. Wa msibani alifunga vidonge kwenye pindo la kanga. Asiye na saa alikunywa redio ikianza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mwenye mume tulimshauri waje wapime wote, kama vile ndiyo kwanza anapima. Mengi ya haya yalitoka kwa wauguzi wa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, wanaowajua wateja wao hadi majina ya watoto. Daktari asiyewasikiliza wauguzi hawezi kliniki hii.

Siku hizi ni rahisi zaidi. Tangu 2016 anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kungoja CD4, chembe za kinga ya mwili, zishuke, na dawa ya sasa yenye dolutegraviri ni kidonge kimoja tu kwa siku. Ambaye virusi vyake vimefubaa, yaani vimepungua sana mwilini, anaweza kuchukua dawa za miezi 6.

Wanaonikosesha usingizi ni waliozaliwa na VVU, sasa wapo shule za bweni. Kopo la vidonge hulia likitikiswa, na bwenini hakuna siri. Tulianza kwa kujaza pamba ndani ya kopo. Kisha nikaongea na matroni mmoja, kwa ridhaa ya watoto na walezi wao, akakubali kuwatunzia. Jioni wanapita kwake mmoja mmoja, kama wanaofuata dawa ya kichwa.