Kuupima ukuta wa Takwa

Tuliondoka Lamu asubuhi mapema, maji yakijaa, kwa sababu hori ya kuingilia Takwa, katika kisiwa cha Manda, haipitiki kwa mashua maji yakishakupwa. Nahodha alipunguza mwendo tulipoingia baina ya mikandaa, nasi tukashuka tukiwa na timazi (kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta), dira, futi za kamba na ubao wa kuchorea.

Takwa ni mji uliozungushiwa ukuta wa mawe ya matumbawe. Watu waliuhama karne ya 17 ikielekea kwisha, lakini hawakuusahau: mpaka leo watu wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi la mnara, lenye tarehe ya miaka ya 1680. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa mwaka 1951. Kazi yetu sisi haikuwa kuchimba, bali kuupima ukuta hatua kwa hatua, ili ijulikane ni wapi unapohitaji kuokolewa kwanza.

Mahali pamoja palituchukua karibu saa nzima. Niliteremsha timazi kutoka juu; kamba iligusa ukingo wa ukuta, lakini chini ilikuwa mbali na jiwe kwa vidole vinne. Ukuta ulikuwa umeinama kwa nje, na katika ufa wake ulipita mzizi wa mkuyu, mnene kama mkono wa mtu mzima. Nilitaka kuung'oa. Fundi mzee tuliyefuatana naye akanishika bega.

“Mwanangu, mzizi huu ndio uliouvunja ukuta, na sasa ndio unaoushika. Kata shina, uuache ukauke, kisha tutoe jiwe moja moja.”

Alinieleza pia kwamba nyufa hizi zisizibwe kwa saruji, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko matumbawe na huzuia unyevu kutoka, na unyevu huo, pamoja na chumvi ya bahari, hulila jiwe kutoka ndani; chokaa hulegea na kupumua pamoja na ukuta. Nimesoma jambo hilo mara nyingi, ila sikuwa nimelielewa mpaka alipolisugua jiwe kwa kidole gumba, likadondoka unga mweupe kiganjani mwangu.

Tulipiga picha, tukaandika vipimo, tukatia alama ya hatari kwenye mchoro. Upande wa kaskazini haukupimwa. Maji yalikuwa yameanza kukupwa, na nahodha alikuwa akituita.