Shangazi, usiguse ufunguo

Shangazi yangu akipiga simu usiku kuna msiba au kuna umbea, ile siku hamna hata kimoja. Nilichosikia kwanza ni mvua inapiga juu ya gari, afu sauti yake kwa mbali, "mwanangu gari limezima, niko gizani hapa hata pa kukuelekeza sipajui." Kumbe kapita kwenye maji bondeni, alipokaribia kutoka gari likakohoa, likajikokota mpaka pembeni ya barabara likafa. Na alikuwa anataka kupiga stata tena wakati tunaongea.

Hapo nikapaza sauti, na si kawaida mtu kumpazia sauti shangazi yake. Usiguse ufunguo kabisa! Maana injini inavuta hewa, ikivuta maji yanaingia kwenye silinda, na maji hayashindiliki kama hewa, sasa pistoni ikipanda inagota, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda au inakatika kabisa, hapo hauongelei tena matengenezo unaongelea injini nyingine. Akanijibu "sawa fundi" kwa ile sauti yake ya kunidharau, ila ufunguo aliutoa.

Kazi ikawa kujua yuko wapi. Anasema kuna mti mkubwa na ukuta, na usiku wa mvua kila mahali kuna mti mkubwa na ukuta. Intaneti kwake hamna, chaji iko mwishoni. Nikamwambia afungue tu ramani ya simu, maana GPS inasoma setilaiti moja kwa moja haihitaji bando, abonyeze kile kidoti zitokee namba za mahali alipo, anitumie kwa meseji ya kawaida maana hiyo inapita hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Namba zikaja, naziingiza, naambiwa shangazi yuko upande wa pili wa ikweta, mbali huko. Kaacha kale ka alama ka kutoa mwanzoni. Nikakaweka mwenyewe, ikaja kwenye barabara ninayoijua, na afadhali alikuwa ameshavuka, yuko upande wangu.

Kabla ya kukata nikampa maagizo. Akae ndani, asije kusimama nje eti nimuone, awashe taa za hazadi nitaziona. Radi pia zilikuwa zinapiga na ndani ya gari la bati vioo vimefungwa ni salama kuliko chini ya huo mti wake. Ila amulike tochi dirishani achague jiwe moja karibu na maji, akiona jiwe limefunikwa atoke apande sehemu ya juu, gari aliache, asirudi hata kwa mkoba.

Nikaondoka. Jamani mvua ile, waipa ziko spidi ya mwisho na bado naona kwa kuibia. Ukiwasha taa ful ndo unajimaliza, mwanga unagonga matone unakurudia usoni, nikabaki na zile za chini. Kioo nacho kikaanza ukungu, nikawasha AC, najua watu wanaona ajabu kuwasha AC na baridi lile lakini inakausha hewa ya ndani na kioo kinasafika chapuchapu. Kuna sehemu maji yametuama usukani ukawa mwepesi ghafla kama haujaunganishwa na kitu, hiyo ni tairi zimepanda juu ya maji hazigusi lami tena, nikaachia mafuta taratibu, breki sikugusa, usukani nimeshika umenyooka, mpaka nikasikia gari limeshika tena. Moyo ndo ulichelewa kutulia.

Mbele nikakuta kibonde kingine kimejaa. Pikapu moja ikanipita ikaingia humohumo na kuvuka, na dereva wa nyuma yangu akaanza kunipigia honi niende. Sikwenda. Maji ya sentimita 30 tu yakiwa yanatembea yanatosha kuinua magari mengi madogo, 60 yanaondoka na karibu gari lolote, na usiku hujui kama chini lami ipo au imeshachukuliwa. Mwenye honi akanizunguka, akafika ukingoni, akasimama na yeye. Nikageuza nikashika njia ndefu, shangazi nikamtumia meseji fupi "nakuja, nazunguka" asije akaanza kunipigia akamaliza chaji.

Nilipofika niliona hazadi kwanza, zimeshafifia. Vioo vyote vina ukungu, katikati kafuta kakipande ka kuchungulia, na kwenye kale kakipande jicho moja linaniangalia. Nikagonga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umechelewa. Jiwe limebaki nusu."

Nikamulika, kweli limebaki nusu. Viatu kashika mkononi, mkoba kaufunga kwenye mfuko wa nailoni, ameshajiandaa zamani. Gari lake hatukulivuta, kuvuta gari usiku kwenye barabara ile ni kutafuta balaa la pili, tukaweka gia huru tukalisukuma mpaka kwenye mwinuko mbali na barabara, tukazima hazadi, tukafunga. Yeye ndo alikuwa anasukuma huku anatoa amri.

Kurudi nilipita njia ileile ndefu, kila nikitoka kwenye maji nakanyaga breki kidogokidogo zikauke, na yeye kila nikikanyaga anauliza "we mbona unaendesha kama umebeba mayai?" Nilinyamaza. Ndo nilikuwa nimembeba yeye.

Fundi alilifuata mvua ilipokatika. Filta ya hewa imelowa chapachapa, akachomoa plagi zote, akaizungusha injini bila plagi, maji yakaruka kwenye matundu yakamlowesha shati. Oili ilikuwa imeshachanganyika na maji ikamwagwa ikawekwa mpya. Konrodi nzima, injini ikawaka, fundi anasema angepiga stata tu mara moja hapo bondeni hadithi ingekuwa nyingine.

Sasa mtafute umsikie anavyowasimulia ndugu, "mi nilijua zamani, gari likizima kwenye maji stata haipigwi, huyu nilimwita anifuate tu."