Orodha ya samaki iliyokuwa ikijipangua

Programu ya bei niliyomwandikia mama mmoja wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ilinitia aibu. Unaifungua, sangara wako juu. Ukiifungua tena, dagaa wamepanda. "Mwanangu, hii simu imelewa?"

Nikakagua hesabu usiku kucha, bure. Kumbe ni mapu (jozi za jina la samaki na bei yake) ya Go, lugha ya programu niliyoitumia: tangu toleo la 1, mwaka 2012, lugha hiyo huvuruga makusudi mpangilio wa kuipitia mapu, watu wasiutegemee. Python, lugha nyingine, ambayo kamusi zake (mapu za huko) hutunza mpangilio wa kuingiza tangu toleo la 3.7, ndiyo iliyonidekeza.

Nikakusanya funguo, yaani majina ya samaki, kwenye slaisi (orodha yenye mpangilio), nikaipanga kialfabeti kwa sort.Strings, lupu inayoonyesha bei moja moja ikapita juu ya slaisi. Dagaa, sangara, sato, kila mara. Mama bado ananuna: yeye anauza sangara, anataka watangulie.