Maxima ikikurudishia mlinganyo uleule
Vijana wa hesabu Mtwara, Maxima, programu ya kompyuta ya kukokotoa hesabu, ni ya bure, na ukishaisakinisha haihitaji bando.

Andika solve(x^5-x-1=0,x); itakurudishia mlinganyo uleule. Haijaharibika! Mlinganyo huo hauna jibu linaloandikika kwa vipeuo, nayo haibahatishi. Naupenda sana uaminifu huo.

Hapo hamia kwenye namba: find_root(x^5-x-1,x,1,2), utapata takriban 1.1673. Ila thamani kwenye ncha mbili lazima moja iwe hasi, nyingine chanya: kwa x=1 ni -1, kwa x=2 ni 29. Zote zikiwa upande mmoja, inagoma.

Ukitaka jibu kamili andika 1/10, si 0.1, desimali moja tu inaweza kugeuza jibu kuwa makadirio. Na kuhifadhi thamani ni a:3; ukiandika a=3 umeandika mlinganyo tu.