Nanasi na mchicha koki moja? Nimekoma!

Jamani, karobo eka kangu hapa Kiwangwa, Bagamoyo, kamenitia adabu. Mwaka jana nilibana matumizi: mipira ya kumwagilia kwa matone, koki moja tu kwa shamba zima, mchicha na matembele huku, mananasi kule. Mchicha ukanawiri hadi majirani wakawa wanakuja na mabeseni. Mananasi sasa, maskini! Majani ya katikati yakageuka njano, ukivuta kidogo yanachomoka, chini yameoza, harufu usiseme. Mama mkubwa alipita akaangua kicheko: “Mwanangu, nanasi unalinywesha kama ng'ombe?”

Kumbe nanasi hufungua vitundu vya majani yake usiku, mchana linafunga, ndiyo maana halipotezi maji ovyo. Mchicha nao, jua kali siku mbili bila maji umeshalala.

Sasa mananasi nimeyapandisha mwinukoni kwenye kichanga, juu ya matuta, yanasubiri vuli na masika yao. Mchicha uko bondeni karibu na kisima, na koki yake. Ila ile miche 40 iliyooza, sisemi uongo, bado inaniuma.