Nukta Nyekundu Juu ya Pasifiki

Januari ile nilikuwa mwanafunzi Tokyo, na dada yangu, aliyekuwa akiishi Los Angeles, alikuwa ameingia siku zake za kujifungua. Nilikuwa nimemwahidi kwamba siku hiyo ingenikuta kando yake. Usiku wa kuamkia safari nilichukua tufe dogo la mezani, nikanyosha uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine ili nijue ni umbali gani hasa ulitutenganisha. Kwenye ramani ya ukutani mtu angedhani njia inakwenda mashariki moja kwa moja, lakini uzi ulipokazwa ulipanda kaskazini kuelekea visiwa vya Aleutian, karibu na Alaska, kisha ukateremka hadi California. Njia hiyo, fupi kuliko zote, ina takriban kilomita 8,800. Niligawa kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, nikapata karibu saa kumi.

Upepo sikuuweka katika hesabu. Tuliruka saa kumi na moja jioni, na usiku ulipokuwa mzito skrini iliyokuwa mbele yangu ilionyesha kilomita 1,120 kwa saa. Majira ya baridi, juu ya Pasifiki ya kaskazini hupita mkondo wa upepo mkali utokao magharibi, katika kimo kilekile cha ndege za abiria. Ndege zielekeazo mashariki mara nyingi huiacha njia ya uzi na kusogea kusini ili kuufuata, kwa sababu njia iliyo ndefu kidogo, upepo ukiwa mgongoni, humalizika mapema zaidi. Kila tarakimu ilipopanda nilifarijika.

Tulitua baada ya saa tisa na dakika ishirini. Saa ya uwanjani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini asubuhi, tarehe ileile tuliyoondokea, maana tulikuwa tumevuka Mstari wa Tarehe, ule wa kufikirika katikati ya Pasifiki ambapo tarehe hubadilika, na majira hayo Tokyo huitangulia Los Angeles kwa saa 17.

Mtoto alikuwa amezaliwa saa mbili kamili. Kwa kalenda, alizaliwa muda wa saa tisa kabla sijaruka, ilhali kwa hakika nilikuwa nimeshakaa angani kwa muda wa saa nane. Jambo hilo liliniuma, na bado naliona la ajabu.

“Mdogo wangu, wakati ule ulikuwa wapi?” dada aliniuliza, mtoto akiwa kifuani pake. Sikuwa na jibu.

Safari ya kurudi ilichukua saa 11 na dakika 50. Tulipita mbali kaskazini, upande wa Alaska, kuukwepa upepo uleule, na hata hivyo mwendo haukuzidi kilomita 780 kwa saa. Nilipofika chumbani nililichukua tufe, nikahesabu dakika 80 kurudi nyuma kutoka wakati wa kutua, nikatia nukta ya wino mwekundu baharini, yapata kilomita 1,200 kutoka pwani ya California. Niliipiga picha, nikamtumia dada.